Soketi ni ileile, mbona haiwaki?

Kaka Fundi,

Habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa kimyakimya. Leo nimelazimika kuandika kwa sababu nimekwama na pesa imeshatoka.

Kazi yangu ni kuhariri video. Si sinema, ni mahojiano, mafunzo mafupi, vitu vya watu wanaotaka kazi zao zionekane mtandaoni. Natumia kompyuta ya mezani niliyoungiwa na rafiki miaka mingi iliyopita: prosesa ni Core i5-6500, mazabodi (ubao mkuu) ni ya chipseti H110 (chipseti ni chipu inayoratibu ubao), RAM ni DDR4 ya GB 16 (vipande viwili vya 8), na SSD moja. Kadi ya michoro sina, waya wa monita unaingia moja kwa moja kwenye mazabodi. Imenilisha vizuri, lakini siku hizi wateja wananiletea video walizorekodi kwa simu zao mpya na mashine inahema. Nikisogeza video mbele kidogo, picha inaganda. Nikirenda (kutoa video iliyokamilika) ya dakika kumi, naoga, napiga pasi nguo za wiki, narudi, bado. Juu ya hayo Windows inaniambia kompyuta yangu haitimizi masharti ya Windows 11.

Nikasema nisikurupuke. Nilifungua programu ya CPU-Z, nikaona imeandikwa soketi yangu (pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi) ni LGA 1151. Nikatafuta prosesa kali ya soketi hiyo, nikapata Core i7-8700 iliyotumika. Nilimuuliza muuzaji mara mbili: hii ni soketi gani? Akajibu 1151. Nikalipa.

Ilipofika nilifuata maelekezo hatua kwa hatua. Pembetatu kwenye pembetatu, ikakaa yenyewe bila kusukumwa, kishikio kikafunga kama kawaida. Nikawasha. Feni zinazunguka, taa inawaka, monita nyeusi tii. Nilihamisha RAM, nikatoa betri ya CMOS na kuirudisha, nikabadilisha waya. Wapi! Nimerudisha i5 yangu ya zamani na imewaka, ndiyo ninayoandikia barua hii.

Sasa nina washauri watatu, kila mmoja na lake. Muuzaji anasema prosesa ni nzima, mimi ndiye sijui, na pesa harudishi. Fundi wa jirani anasema nisasishe BIOS tu, itakubali. Binamu yangu anasema hiyo ndiyo tabia ya Intel, niuze kila kitu nihamie AMD, mshindani wa Intel, nichukue mazabodi ya soketi ya AM4 na prosesa ya Ryzen 5 5600, kwa kuwa AMD hawabadilishi soketi ovyo.

Je, nimeibiwa? BIOS itasaidia? Au binamu ndiye mwenye akili? Na kama nitabadilisha, hii i5 niifanyie nini?

Ni mimi,
Mwenye Monita Nyeusi

*

Dada Mwenye Monita Nyeusi,

Pole, na hujaibiwa. Wala hujakosea kufunga. Muuzaji alijibu swali ulilomuuliza na alijibu kweli. Swali lenyewe ndilo halikutosha. Nisingekulaumu kwa hilo, maana mtego huu uliwekwa na jina la soketi, na umewanasa watu wanaojiita mafundi.

Namba 1151 ni hesabu ya pini, basi. Haisemi kila pini inafanya nini. Soketi hiyo ilikuja mwaka 2015 na prosesa za kizazi cha 6, ambazo i5 yako ni mmojawapo, kisha mwanzoni mwa 2017 zikafuata za kizazi cha 7. Zote hizo hukaa kwenye mazabodi za chipseti za mfululizo wa 100 na 200, kama H110 yako. Oktoba 2017 Intel wakatoa kizazi cha 8. Kwa mara ya kwanza prosesa zao za kawaida za mezani zilipanda kutoka viini vinne hadi sita (viini ndivyo sehemu za prosesa zinazofanya kazi), na viini sita vinadai umeme zaidi. Kwenye soketi ya zamani kulikuwa na pini kadhaa zilizowekwa akiba bila kazi. Wakazichukua na kuzipa kazi, hivi kwamba pini za kupeleka umeme kwenye viini zikaongezeka kutoka 128 hadi 146. Umbo halikuguswa, idadi haikuguswa, zile pengo ndogo za pembeni zinazozuia prosesa ngeni isikae hazikuhamishwa, na jina halikubadilishwa.

Kwa hiyo kuna LGA 1151 mbili duniani. Ni wajina, si ndugu. i7-8700 yako ni ya kizazi hicho cha 8, inataka mazabodi ya mfululizo wa 300, na H110 haimo humo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na fundi wa jirani, ingawa sitaki umvunjie heshima, kwa sababu ushauri wake ni sahihi kwa prosesa nyingine. BIOS ndiyo inayoamka kabla ya kila kitu, na ndani yake kuna maelekezo ya kila prosesa ambayo mazabodi inaifahamu. Ungekuwa umenunua i7-7700, ambayo ni ya kizazi cha 7, na BIOS yako ikawa bado ya mwaka 2015, ungeona monita nyeusi hiyohiyo, na kusasisha BIOS kungeiponya mara moja. Kwa i7-8700 hakuna BIOS rasmi ya H110 itakayoitambua, leo wala kesho. Utasikia kuna watu waliofaulu kuiwasha kwenye mazabodi za zamani, na si uongo: wamehariri BIOS kwa mikono, wakaziba baadhi ya pini kwa utepe na kuunganisha nyingine. Ni mchezo mzuri kwa mwenye mazabodi ya kuchezea. Mashine inayokulisha usiifanyie hivyo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba i5 imerudi na kuwaka. Maana yake mazabodi haikudhurika, na pini za soketi, ambazo katika Intel ziko upande wa mazabodi na si wa prosesa, zimesalimika licha ya kufunguliwa mara mbili. Hongera kwa hilo. Mimi niliwahi kuzilaza pini za soketi kwa kona ya prosesa iliyoniponyoka, na jioni yangu nzima iliishia kwenye sindano na kioo cha kukuzia. Lakini i7 yenyewe bado hujui kama ni nzima. Muuzaji anasema hivyo, na kuzimika kwake kwenye H110 hakuthibitishi wala hakukanushi. Hilo nitalirudia.

Kabla ya kugusa pochi tena, tuangalie kinachoiumiza kompyuta yako, maana nadhani umekitambua nusu. Simu nyingi mpya hurekodi kwa mfumo wa kubana video uitwao HEVC, na zikiwekwa kwenye hali ya HDR (ya rangi na mwanga mpana zaidi) hurekodi kwa biti 10 badala ya 8. Michoro ya ndani ya i5-6500 ina sehemu maalumu ya kufungua HEVC ya biti 8, lakini ya biti 10 haiwezi kuifungua kikamilifu. Mzigo unaangukia viini vinne, navyo tayari vina kazi ya kuhariri. Ndiyo maana picha inaganda hata ukisogeza kidogo tu. Uwezo huo wa biti 10 ulianza katika kizazi cha 7, na i7-8700 unao. Kwa hiyo ukiiwasha utapata mambo mawili kwa mpigo: viini sita vyenye nyuzi kumi na mbili (yaani kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) badala ya vinne vyenye nyuzi nne, na mlango mahususi wa kufungulia video za wateja wako. Uchaguzi wako wa prosesa haukuwa mbaya hata kidogo; uliikosea nyumba yake.

Wakati unasubiri, tumia proksi. Karibu kila programu ya kuhariri inayo: inatengeneza nakala nyepesi za video, unahariri hizo, na wakati wa kurenda inarudi kwenye video halisi. Ni bure, na itakupa nafasi ya kufikiri bila presha ya mteja.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ambayo wengi wangekuambia ni kuuza i7-8700 na kununua i7-6700 au i7-7700, mazabodi ibaki ileile. Sikushauri. Utabaki na viini vinne, ukiongeza nyuzi tu, na Windows 11 itaendelea kukukatalia, kwa sababu kwa upande wa Intel orodha yake inaanza kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache mno za kizazi cha 7 ambazo hizi mbili hazimo. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Kutoa pesa leo kwa kitu kilichoko upande usiofaa wa mstari huo, mimi ningeona shida.

Njia ninayoipenda ni kuligeuza tatizo. Umekuwa ukiitafutia mazabodi yako prosesa. Sasa itafutie prosesa yako mazabodi. Mfululizo wa 300 una H310, B360, B365, H370, Z370 na Z390, na zote zinaikubali i7-8700. RAM yako ya DDR4 inahama nayo. Hitisinki (kipoza joto cha prosesa) inahama, maana matundu ya kuifungia ni yaleyale. SSD inahama. Kasha na pawa saplai pia, maadamu mashine yako iliungwa kwa vipande vya kawaida. (Ingekuwa kompyuta ya ofisi iliyotoka kiwandani ikiwa kamili ningekujibu tofauti, kwa sababu nyingi kati ya hizo zina mazabodi ya umbo lake na plagi za umeme za aina yake, na kipande kimoja kinakulazimisha ubadilishe vitano.) Ili mashine iwake, unachonunua ni kitu kimoja tu.

Kati ya hizo, tafuta B360 au B365. Z370 na Z390 zina uwezo wa kuongeza kasi ya prosesa zenye herufi K, nawe huna K, kwa hiyo usilipie zaidi kwa ajili ya jina. H310 ifanye chaguo la mwisho. Itawasha prosesa yako bila shida, lakini ina nafasi mbili tu za RAM, na njia za PCIe (za kupitishia data) zinazotoka kwenye chipseti yake ni za toleo la 2.0, hivyo hata ukikuta nafasi ya SSD ya NVMe (aina ya kasi kubwa), SSD hiyo haitakimbia inavyopaswa. Mhariri wa video atalihisi hilo mapema.

Mazabodi hiyo itakuwa iliyotumika, karibu kwa hakika, na hapa ndipo ninapotaka uwe mkali. Omba picha ya soketi yenyewe, ikiwa wazi, taa ikimulikwa kutoka pembeni. Pini nzima huakisi mwanga kwa mpangilio mmoja kama mistari ya shamba lililolimwa kwa trekta. Iliyopinda huvunja mstari na utaiona hata kama hujui unatafuta nini. Uliza jina kamili la mazabodi pamoja na toleo lake, yale maandishi madogo ya rev yaliyochapwa kwenye ubao. Kisha nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi hiyo, fungua orodha ya prosesa zinazokubalika, uitafute i7-8700 kwa jina. Pembeni yake pameandikwa inaanza kukubalika tangu toleo gani la BIOS. Kwa kizazi cha 8 kwenye mfululizo wa 300 huwa hakuna wasiwasi, lakini siku moja ukitaka kupanda hadi kizazi cha 9, kwa mfano i9-9900 yenye viini vinane, safu hiyo ndiyo itakayokuambia kama BIOS inahitaji kusasishwa kwanza. Orodha hiyo ndiyo pekee ninayoiamini. Si CPU-Z, si muuzaji, si mimi.

Na lile nililosema nitalirudia: nenda na i7 yako mkononi. Iwekwe kwenye mazabodi hiyo mbele yako, iunganishwe na monita, ufike kwenye ukurasa wa BIOS uone jina la prosesa na RAM yote imehesabiwa. Ndipo ulipe. Kwa tendo moja unapima vitu viwili, na kama i7 ni mbovu utakuwa umelijua hilo bila kununua mazabodi isiyo na wa kukaa ndani yake.

Kuhusu binamu. Yuko sahihi nusu, na ile nusu nyingine ingekurudisha palepale ulipo. Ni kweli AM4 imeishi maisha marefu kuliko soketi yoyote ya Intel ya miaka hiyo. Ilitoka 2016, Ryzen za kwanza zikaikalia 2017, na mwaka 2022 bado ilikuwa inapokea prosesa mpya kama Ryzen 7 5800X3D. Intel katika kipindi hichohicho walitoka 1151 ya kwanza, wakaenda 1151 ya pili, 1200 na 1700. Mwenye kinyongo ana haki.

Lakini hata AM4, soketi moja haikuwa ahadi moja. Mei 2020 AMD walitangaza kwamba prosesa zitakazofuata, zile zilizokuja kuitwa Ryzen 5000, zingefanya kazi kwenye chipseti za mfululizo wa 500 tu. Wenye B450 na X470 wakapiga kelele, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikageuza msimamo. Wenye mfululizo wa 300, kama B350, walisubiri hadi 2022. Sababu mojawapo ilikuwa ndogo hadi inachekesha: mazabodi nyingi za mwanzo zilikuwa na chipu ya BIOS ya MB 16 tu, na maelekezo ya prosesa zote za AM4 hayakuenea humo. Watengenezaji wengine wakafuta baadhi ya prosesa za zamani ili wapate nafasi ya mpya. Upande wa pili nako, B550 haipokei rasmi Ryzen za mfululizo wa 2000, ingawa soketi ni ileile na pini ni zilezile 1331. Unaona? Mtu wa AMD naye akiuliza "hii ni soketi gani?" na kuishia hapo, anaweza kujikuta anakuandikia barua pacha.

Na kuna jambo ambalo binamu hakulifikiria kabisa. Ryzen 5 5600 haina michoro ya ndani. Wewe huna kadi ya michoro. Ungenunua mazabodi mpya, prosesa mpya, ukaunga kila kitu kwa ustadi uleule, ukawasha, na monita ingebaki nyeusi tii kama mara ya kwanza. Kwenye AM4 yenye michoro ndani ni zile zenye herufi G mwishoni, kama 5600G. Kwa Intel wewe ogopa herufi F: i5-12400 ina michoro, i5-12400F haina. Herufi moja hiyo imewaliza wengi kuliko soketi.

AM5 ni habari nyingine. Ilitoka 2022, ina pini 1718, na hapo AMD nao wakahamishia pini kwenye mazabodi kama Intel. Inapokea DDR5 peke yake, kwa hiyo RAM yako ingebaki mezani. AMD wameahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea, na ningekuwa naanza kutoka sifuri ningeitazama kwa makini. Wewe huanzi kutoka sifuri. Una prosesa nzuri, RAM inayotosha na SSD. Kuvitupa vyote kwa sababu ya hasira na namba 1151 ni kulipia hasira.

Kama i7 itakuwa mbovu, au ukipata mtu wa kuinunua kwa bei ya kukuridhisha, basi njia ya pili si AM4. Ni LGA 1700 kwenye mazabodi ya DDR4, kwa mfano B660, pamoja na i5-12400. Soketi hiyo imepokea vizazi vitatu, cha 12, cha 13 na cha 14, na baadhi ya mazabodi zake zimetengenezwa kwa DDR4 na nyingine kwa DDR5. Usichanganye: vipande vyote viwili vina pini 288 na kwa mbali vinafanana, ila pengo la katikati limehamishwa na kimoja hakitaingia kwenye nafasi ya kingine. Utahitaji pia hitisinki nyingine au mabano mapya, kwa kuwa matundu yametanuka kutoka milimita 75 hadi 78. Kule utapata viini sita vya kasi zaidi kuliko vya i7-8700, na nafasi kubwa ya kupanda baadaye. Ni njia nzuri. Ila inakutaka ununue vitu vitatu ili iwake, pale ambapo nyingine inakutaka ununue kimoja.

Tuseme umepata B360 yako na kila kitu kimewaka mbele ya muuzaji. Kuna mambo machache yatakayokusumbua nyumbani usipoyajua.

Kabla ya kuizima kompyuta ya zamani kwa mara ya mwisho, nakili kazi zako mahali pengine. Ingia kwenye Windows kwa akaunti ya Microsoft na uhakikishe leseni imefungamanishwa na akaunti hiyo, kwa sababu Windows huitambua mashine kwa mazabodi. Ukibadilisha mazabodi, inaweza kudhani ni kompyuta nyingine. Leseni iliyonunuliwa peke yake huhamishika. Iliyokuja na mashine mara nyingi hufa na mazabodi yake, na hapo itabidi ununue nyingine. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows), chapisha ufunguo wa kuifungulia au uandike kwenye karatasi. Usiuhifadhi ndani ya diski hiyohiyo. Unacheka, lakini wapo.

Mazabodi mpya ikiwaka na SSD yako ikakataa, usikimbilie kufomati. Windows ya zamani inawezekana iliwekwa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kupanga diski, nayo mazabodi inatafuta mtindo mpya wa kuwasha uitwao UEFI. Ndani ya Windows yenyewe kuna zana iitwayo MBR2GPT inayobadilisha mpangilio wa diski bila kufuta mafaili, na ni rahisi kuitumia ukiwa bado kwenye mashine ya zamani, baada ya kunakili. Baada ya hapo ingia BIOS, tafuta PTT, uiwashe. Hiyo ndiyo TPM 2.0, kitunza funguo za usalama, ambayo Windows 11 inaidai. Imo kwenye mashine yako tayari, ila mazabodi nyingi za wakati ule zilitoka kiwandani ikiwa imezimwa, na watu wakaenda kununua kifaa cha kuchomeka wasichokihitaji.

Hitisinki ndogo ya alumini iliyokuja na i5 itakaa kwenye i7 na mashine itawaka. Usiiache hapo muda mrefu. i7-8700 imeandikwa wati 65 kama i5 yako, lakini wati hizo ni za kasi yake ya msingi ya GHz 3.2, ikikimbia kuelekea 4.6 inakula zaidi ya hapo, na kurenda ndiko kunakoikimbiza. Hitisinki ndogo itapiga kelele, joto litapanda, na prosesa itajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Tafuta yenye mabomba ya shaba na feni kubwa. Futa pesti ya zamani ya kupitisha joto, weka mpya kiasi cha punje ya dengu. Angalia pia pawa saplai: H110 nyingi zilichukua umeme wa prosesa kwa plagi ya pini 4, nazo B360 nyingi zina tundu la pini 8. Kama pawa saplai yako haina waya wa pini 8 kwa ajili ya prosesa, nayo ina miaka yote hiyo, huu ndio wakati wa kuistaafisha.

Na i5. Usiiuze bado. Iache kwenye H110 yake kama zilivyo, funika vizuri, hadi i7 ifanye kazi mwezi mzima ukirenda nayo mchana na usiku bila kujizima. Ikileta ukorofi, unarudisha hitisinki, RAM, SSD na pawa saplai kwenye H110 na kesho yake unaendelea na wateja. Mwezi ukipita salama, iuze pamoja na mazabodi yake, maana zimezoeana na zinawaka. Na tafadhali, kwenye tangazo usiandike "soketi 1151" pekee. Andika H110, kizazi cha 6 na cha 7 tu.